Kioo Kisichomsikia Mukaka

Wiki iliyopita nilikabidhi ngazi. Ni ile ya mbao, yenye kipago kimoja kilichofungwa kwa waya, ambayo ninyi nyote mmeilalamikia na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitengeneza. Sasa ni yenu. Mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi ya umeme, Beni na Butembo, nami nimekubali, kwa sababu magoti yamekataa kupanda lakini mkono bado unashika kalamu. Habari za vyeo sitazigusa. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, anayepanda ngazi na anayeishika, na siku za mvua wote tuligombania cha pili.

Nilianza Beni, upande wa Mulekera, kwa Papa Saidi. Alikuwa ametengeneza umeme wa malori kabla ya kuhamia kwenye nyumba, na wateja wake wengi walikuwa wafanyabiashara na wasafirishaji, Waislamu kama yeye. Watu walimuuliza kwa nini anamfundisha msichana. Aliwajibu kwamba wanaume wa nyumba zile wako barabarani muda wote, mara Kasindi, mara Kanyabayonga, na wanaobaki nyumbani ni wanawake. Fundi mwanamke ataingia hadi vyumba vya ndani bila mtu kusimama mlangoni akikohoa. Ilikuwa hesabu ya biashara, si ya huruma. Nimemshukuru kwa hilo kuliko ambavyo ningemshukuru kwa huruma.

Siku ya kwanza hakunipa koleo wala bisibisi. Alinipa beseni la maji.

"Weka ku kichwa," alisema. "Sasa ingia mu chumba kama mama mwenye nyumba. Ni giza. Mukono moja inashika beseni. Ingine inatafuta nini?"

"Interrupteur, Papa," nilijibu, yaani swichi.

"Basi itafute. Pale mukono itafika, njo pale tutatoboa ukuta."

Niliingia na kutoka, kuingia na kutoka, mpaka blauzi ikalowa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi uani akichambua maharage, ananitazama.

"Papa Saidi," akasema, "unamufundisha courant ya umeme ao unamufundisha kuchota maji?"

"Yote, mama. Courant ikikatika, hatakosa kazi."

Tangu siku ile sijawahi kutoboa ukuta kabla ya kuuliza ni nani atakayeingia katika chumba hicho, na ataingia amebeba nini. Swali hilo linawashangaza wateja. Wanajua kuwa fundi huuliza juu ya waya. Hawatarajii aulize juu ya mtoto anayebebwa mgongoni, au fimbo ya baba mkwe, au ndoo. Lakini wakishajibu, nusu ya kazi imekwisha, na bado hujachafua sakafu.

Miaka ilipita na vyombo vikabadilika. Tulianza na taa zinazoning'inia kwenye waya mtupu katikati ya chumba, nyumba nzima ikitegemea jenereta inayokohoa nyuma ya jiko. Zikaja paneli za jua, batri, na convertisseur, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri uwe kama ule wa ukutani. Halafu vikaja vioo.

Wafanyabiashara wa Butembo waliviona huko wanakonunua bidhaa, Dubai na China, wakarudi navyo kwenye makatoni: swichi za kioo, nyeusi au nyeupe, laini kama uso wa telefone, na kaduara kadogo ka mwanga wa buluu katikati. Ya kwanza nilipoifungua, nilitafuta kile kinachosogea ndani. Sikukiona. Niligeuza, nikatikisa, nikaiweka sikioni. Kwa wakati huo nilikuwa nimekwisha kuitwa mama fundi kwa miaka mingi, kwa hiyo niliitikisa nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Wacha nieleze kama nilivyokuwa nikiwaeleza wateja. Swichi ya zamani ina ulimi ndani. Unaisukuma, ulimi unagusa shaba, taa inawaka. Ya kioo haina cha kusukumwa. Nyuma ya kioo kuna kibati kidogo chenye umeme hafifu sana, usioweza kukudhuru. Mwili wa mtu una maji na chumvi, na ukikaribia pale, ule umeme hafifu unayumba kidogo. Kifaa kinahisi huko kuyumba, kinajua kuna mtu, kinawasha. Hakisikii nguvu za kidole, kinasikia mwili. Ndiyo maana anayekibonyeza kwa hasira hapati zaidi ya anayekigusa polepole, jambo nililowaeleza waume wengi na likakubaliwa na wachache.

Na kwa kuwa kinahisi maji, kila nyumba ilitufundisha kitu. Familia moja ya Mulekera ilitaka kioo kando ya bomba, mahali pale pale walipokuwa wakitawadha. Watu walipita na mikono inayochuruzika, matone yakaruka ukutani, na taa ya uani ikawa inawaka na kuzimika yenyewe wakati wa kila sala. Tulikihamishia upande wa pili wa mlango, mambo yakatulia. Kwingine, anayefanya usafi alipitisha kitambaa chenye maji juu ya vioo, nyumba nzima ikawaka saa nne ya asubuhi. Wafundisheni watu kufuta kwa kitambaa kikavu. Na kwenye nyumba za zamani, kabla hamjaahidi chochote, fungueni kisanduku cha ukutani muone kama waya wa neutre, ule unaorudisha umeme, unafika pale. Usipofika, taa zitabaki zikipepesa jicho hata zikiwa zimezimwa, na mteja atasema umemletea mashetani.

Vingine viliunganishwa na wifi ya nyumba, na kutoka hapo na telefone ya mwenye nyumba. Taa, pampu ya maji, friji, hata birika la chai. Mteja mmoja aliniita kwa sababu birika lake liliungua. Aliliwasha kwa telefone akiwa njiani kurudi kutoka kanisani, ili akute chai. Nilimweleza kwa upole kwamba telefone inaweza mengi, lakini haijazi maji.

Kazi ninayoikumbuka zaidi ni ya miaka yangu ya mwisho, hapa Butembo, nyumbani kwa Kambale. Ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Alijenga nyumba nzuri mlimani na kuleta vioo vya kila chumba. Mimi nilivuta waya na kufunga vioo. Kuviunganisha na telefone alifanya mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake kikubwa kama rubani, akizima taa ya chumba ambamo bado nilikuwamo. Baada ya hapo akasafiri kwenda China kutafuta bidhaa, safari ya wiki nyingi, akamwacha mke wake, Masika, watoto, na mama yake mzazi.

Mama huyo tulimwita Mukaka, yaani bibi, kama watoto wa nyumba walivyomwita. Alikuwa mkulima wa viazi huko Kipese. Walimteremsha Butembo kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichokuwa kimekataa kupona. Daktari alitaka kukiona na kukifunga upya kila baada ya siku moja, na alikuwa amesema bila kuzunguka: akikiacha, mguu unaweza kukatwa.

Siku moja Masika alinipigia simu. "Mama fundi, ukuye leo. Interrupteurs biko na shida, na Mukaka anasema Jumamosi anaenda."

Nilimkuta Mukaka barazani, mguu wenye bandeji juu ya kigoda, na pembeni yake mzigo umekwisha fungwa ndani ya kitenge.

"Unakuya kutengeneza ile vioo?" aliniuliza.

"Nakuja kuviangalia, Mukaka."

"Usijichokeshe, mwanangu. Nyumba imesha kusema. Jumamosi kuko gari ya viazi inapanda Kipese. Nitaenda nayo."

"Nyumba imesema nini?"

Aliinuka, akajikokota hadi ukutani, akaweka ncha ya kidole juu ya kioo. Hakuna kitu. Akaweka tena. Hakuna kitu. Kisha akamwita Masika, Masika akagusa mara moja, taa ikawaka.

"Unaona? Yeye inamusikia. Miye hapana. Vidole yangu ni ya jembe, haiko ya China." Akarudi kuketi. "Lakini hiyo si kitu, hiyo ningevumilia. Magaribi bantu ba shirika, majirani ba kanisa, banakuya kusali na mie, juu siwezi kutembea mupaka kanisa. Tunaanza tu rozari, taa inazimika. Ndani yote. Ya inje inabakia."

"Ya nje inabaki kwa nini?"

"Juu ya kubaonesha njia," alisema, bila kutabasamu. "Kwetu Kipese, moto hauzimwe mugeni akingali amekaa. Ukizima, umemufukuza. Miye ni mukubwa, sihitaji banisemee mara mbili."

Alipokuwa akisema hayo hakunitazama mimi. Alimtazama Masika, na Masika alikuwa akitazama sakafu.

Jikoni, Masika alinieleza yaliyobaki. Mukaka aliamini kwamba mkwe wake ndiye anayezima, kwa siri, na telefone. "Na yangu haina hata ile application, mama fundi. Uangalie." Alikuwa amemwambia Kambale kwamba taa zina shida, na Kambale akajibu aniite mimi. Habari za mzigo hakuthubutu kumwambia. Mukaka alikuwa amekataza: mtu aliye kazini mbali hasumbuliwi. Hivyo nikajua nilichoitiwa. Kama nisingepata sababu kabla ya Jumamosi, mguu ungepanda Kipese juu ya gari la viazi, na Masika angebaki na jina la mwanamke aliyemfukuza mama mkwe wake.

Nilianza na vidole, kwa sababu hapo nilijua njia. Ngozi iliyolima miaka mingi ni nene na kavu; kioo kinapata taabu kuuhisi mwili ulio nyuma yake. Na kuna jambo jingine: kioo kinahisi vizuri zaidi nyumba ikiwa na waya mzuri wa ardhi, tunaoita terre. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Aliyepanda maua alikuwa ameupiga jembe, ukalegea kwenye chuma chake. Niliukaza upya, nikamwagilia udongo pale, nikarudi.

"Mukaka, usitumie ncha ya kidole. Tumia hapa." Nilimwonyesha nyama laini iliyo chini ya kidole gumba. "Uweke tu, kama unamgusa mtoto unaona kama ana homa."

Aliweka kiganja. Taa ikawaka. Akakitoa, akakitazama, akakiweka tena. Ikazimika. Akawasha mara nyingine.

"Kumbe," alisema, "inataka kusalimiwa. Haitaki kunyoshewa kidole."

Masika alicheka kidogo, kisha akajizuia. Mzigo ulibaki pale pale barazani. Mukaka aliona nimeutazama, akasema tu, "Bado magaribi."

Alikuwa na haki. Nilipima batri, nilipima convertisseur, nikafungua visanduku vyote kutafuta waya uliolegea. Vyote vilikuwa safi. Basi niliomba ruhusa ya kubaki mpaka jioni, kwa sababu kasoro inayokuja kwa saa yake lazima uingojee kwa saa yake.

Jua likazama. Taa zikawashwa. Majirani wa shirika wakaingia mmoja mmoja, wakaketi, rozari ikaanza. Niliketi kwenye kona na testeur yangu ya kupimia umeme, naitikia sala kwa mdomo na kusikiliza kuta kwa masikio.

Tak, jikoni. Giza jikoni.

Baada ya kitambo kidogo, tak, kwenye koridori. Tena kitambo. Tak, chumba cha kulia. Halafu juu yetu, sebuleni. Wanawake waliendelea na sala gizani kama watu waliokwisha kuzoea; Mukaka alikuwa amekataza mtu kuwasha tena. Dirishani ulionekana mwanga wa taa ya nje, peke yake.

Umeme ukikatika, vyote vinakwenda pamoja. Waya uliolegea unapepesa, unarudi, unapepesa. Hii haikuwa hivyo. Kasoro haitembei, na hii ilikuwa imetembea.

"Imeanzia jikoni," nilisema. "Kisha ikafuata vyumba."

Masika alisimama. Alikuwa anahesabu kwa kunong'ona. "Cuisine, koridori, ya kula, salon." Kisha akasema, "Hiyo njo njia ya Kambale. Kila siku mbele ya kulala anapita vile vile, anafunga nyumba. Ya inje anaiacha juu ya mwizi."

"Kambale iko China," alisema Mukaka.

"Na telefone yake iko naye," nikasema. "Masika, mpigie sasa hivi, kabla hajalala."

Masika alipiga na kuweka sauti ya wote kusikia. Kambale aliitika kwa sauti nzito ya mtu aliyekwisha kuvua viatu.

"Kambale, ni mama fundi. Umezima taa za nyumba yako?"

"Ndiyo, mama fundi. Kila siku naona mu telefone bamelala, nyumba yote inawaka. Batri zitakufa. Donc minafunga kwanza, kiisha nalala."

"Huko ni saa ngapi?"

"Saa sita na nusu ya usiku."

"Hapa ni saa kumi na mbili na nusu ya magaribi. Tuko katika rozari."

Mmoja wa majirani alijifunika mdomo kwa kitenge.

"Ya magaribi?" Kambale aliuliza.

"Ya magaribi."

"Mama fundi, saa ya hapa na ya kule naijua, kila siku napigia bateja. Lakini ya nyumba sikuhesabu. Nikienda kulala nafunga nyumba. Ni vile tu."

Mukaka alinyoosha mikono yote miwili, akapewa telefone, akaishika kama sahani ya moto.

"Kambale."

"Mama."

"Nilizani munanifukuza mu nyumba yenu."

"Miye, mama? Nilizani umelala zamani."

"Saa hii? Kama kuku?"

Majirani wakacheka sasa bila kujificha. Mukaka akangoja watulie.

"Nilikuwa nimesha funga mizigo," alisema.

"Mizigo ya wapi? Na muguu?"

"Muguu tungeenda nayo," alijibu. Kisha akamrudishia Masika telefone, akasogea upande mmoja wa benchi, akapigapiga mahali palipobaki wazi. Masika aliketi hapo. Hakuna aliyesema samahani, na sidhani kama neno hilo lingefanya kazi zaidi ya benchi.

Kwa fundi, lililobaki lilikuwa rahisi. Nilimwambia Kambale kwamba naweza kuzitoa taa za ndani kwenye telefone yake, zibaki za ukutani tu. Alikubali upesi, kwa aibu. "Toa, mama fundi. Toa zote."

"Hapana kutoa," alisema Mukaka kutoka kwenye benchi. "Asizime tu. Saa ile anaenda kulala, awashe."

Hakukuwa na waya wa kuvuta wala chombo cha kubadilisha. Kambale alijaribu pale pale. Tak, sebule ikawaka, na nyuso zote za shirika zikatazama juu. Kabla ya kuondoka nilifunga pia swichi ya zamani kando ya kitanda cha Mukaka, ile yenye ulimi, kwa siku ambazo kiganja hakitakuwa na hamu ya kusalimu. Nilipotoka barazani, kitenge kilikuwa kimefunguliwa na Masika alikuwa anarudisha nguo ndani.

Jumamosi gari la viazi lilipanda Kipese bila yeye.

Basi, ninyi mnaobaki na ngazi, nyumba zenu zitakuwa na vitu vingi kuliko nilivyovijua mimi, na mtavielewa haraka kuliko mimi, sina wasiwasi. Ongezeni tu swali moja kwenye yale ya Papa Saidi. Ulizeni ni nani anayeingia chumbani na amebeba nini, na mkimaliza ulizeni telefone iko kwa nani, na huko aliko ni saa ngapi. Mteja akishangaa, mwacheni ashangae. Endeleeni kushika ngazi.

Wiki kadhaa baada ya Jumamosi ile nilipita kwa Kambale kuutazama ule waya wa ardhi. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Mukaka alinionyesha kwa fahari, kama mtu anayeonyesha viazi vizuri. Kambale alikuwa bado safarini. Nilipokuwa nikishughulika huko nyuma kiza kiliingia, na nilipopita sebuleni kuaga, nilikuta watu wa shirika wameketi gizani, rozari mikononi, sala haijaanza. Nikafikiri shida imerudi. Nikanyoosha mkono kwenye kioo.

"Wacha, mama fundi," alisema Mukaka. "Ukae kwanza. Kambale hajaenda kulala bado."

Nikaketi, tukangoja pamoja.